Je, Nichanjwe Homa ya Mafua Kila Mwaka?

Wiki ya kwanza ya muhula huu naliingia darasani nikiwa na kipande cha plasta mkononi. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakaniuliza, "Mwalimu, umeumia?" Nikawajibu kwamba sikuumia, ila nimechanjwa homa ya mafua. Wakacheka. Mmoja akasema, "Kumbe mafua nayo yana chanjo, Mwalimu? Si hutibiwa kwa chai ya tangawizi?" Kengele ikalia kabla sijamjibu, nami nikaahidi kuandika jibu langu katika gazeti la shule, ili na wazazi wapate kulisoma. Jibu lenyewe ndilo hili.

Wanafunzi wa madarasa ya juu wanakumbuka jinsi homa ilivyoingia mabwenini katika muhula wa pili wa mwaka jana. Ilianza kwa wavulana wawili siku ya Jumatatu. Kufika Ijumaa vitanda vingi vilikuwa na watu waliojifunika blanketi mchana. Mimi nalikuwa mwalimu wa zamu juma lile, nikaipata. Nalilala siku nne, nikapona.

Lakini nyumbani kwangu nakaa na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, naye ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Siku niliyoinuka mimi ndiyo siku aliyolala yeye. Homa ikamshukia kifuani, ikawa kichomi, akalazwa hospitali siku kumi na moja, huku akitiwa hewa ya oksijeni kwa mpira puani. Daktari alipima kamasi yake akaniambia kwamba ni homa ya mafua. Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini hata leo hawezi kupanda kilima cha kwenda shambani bila ya kupumzika njiani mara mbili. Naye juma lile hakuwa ametoka nyumbani hata siku moja. Basi mnaweza kufahamu ni nani aliyemletea.

Siku ya kumtoa hospitali daktari alinishauri kwamba mama achanjwe homa ya mafua kila mwaka, na mimi pia nichanjwe, kwa kuwa nakaa naye. Nalikuwa sijaamua. Nikatafuta vitabu nikajifunza jambo hili kabla ya kutoa fedha yangu, na hayo niliyojifunza ndiyo nitakayowaeleza.

Kwanza yatupasa kutenganisha vitu viwili. Mafua ya kawaida huleta chafya na kamasi, mtu akaendelea na kazi yake. Homa ya mafua, ambayo wataalamu huiita influenza, ni maradhi mengine kabisa. Huja kwa ghafula, na homa kali, na maumivu ya viungo, na kikohozi kikavu, na uchovu unaomlaza mtu mzima kitandani. Walio wengi hupona katika juma moja. Lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka homa hii pamoja na maradhi ya kifua yanayoifuata huua watu kati ya 290,000 na 650,000. Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikimalizika, ilizunguka dunia nzima, ikaua watu wapatao milioni 50 au zaidi kwa makadirio ya wataalamu. Huku kwetu Afrika Mashariki ililetwa na meli bandarini, ikaingia bara.

Kwa muda mrefu watu hawakujua ni kitu gani kinachoileta. Mwaka 1933 wataalamu watatu wa Uingereza, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, waliweza kumwambukiza homa hiyo mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, kwa maji yaliyotoka kooni mwa wagonjwa. Ndipo ikajulikana kwamba kinachoileta ni kirusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa darubini za kawaida kama zile za maabara yetu.

Niliporudi nyumbani na habari hizi, mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapandisha upande wa khanga akanionyesha bega lake. "Mwanangu," akasema, "mimi nilichanjwa ndui nikiwa mtoto, na kovu lake hili hapa. Ndui sijaiona mpaka leo. Sasa hiyo chanjo yako ya kila mwaka ni chanjo gani? Dawa isiyokaa mwilini ni dawa hiyo?"

Wanafunzi, swali la mama ni swali zuri la Elimu ya Viumbe, tena ndilo kiini cha jambo lote. Jibu lake liko katika tabia ya virusi hivi viwili.

Kirusi cha ndui kilikuwa hakibadiliki sana. Mwili uliofundishwa kukitambua ulikitambua kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo chanjo iliweza kukifukuza katika dunia yote. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha.

Kirusi cha homa ya mafua sivyo kilivyo. Ganda lake la nje lina vijiti vya aina mbili, ambavyo huandikwa kwa herufi H na N. Vijiti vya H hukisaidia kuingia katika chembe za mwili, na vya N hukisaidia kutoka. Kinga ya mwili hukitambua kirusi kwa vijiti hivyo, kama askari wa mlangoni amtambuavyo mwizi kwa shati lake. Lakini kila kirusi kinapozaliana hufanya makosa katika kunakili asili yake. Mnajua wenyewe jinsi mambo yanavyokuwa mmoja anaponakili daftari la mwenzake, na wa tatu akanakili la wa pili: kufika kwa mtu wa kumi, maneno si yale ya ubaoni. Hivyo ndivyo vijiti vya H na N vinavyobadilika kidogo kidogo. Mwizi hurudi akiwa na shati jingine, na askari akamwacha apite.

Watu walijifunza jambo hili kwa hasara. Chanjo za kwanza zilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1940 kwa ajili ya askari, na zilifanya kazi vizuri. Mwaka 1947 homa ikaja, na watu waliochanjwa wakaugua sawa na wasiochanjwa. Chanjo ilikuwa haikuharibika. Kirusi ndicho kilichobadilika. Kuanzia hapo ikafahamika kwamba hapana budi kukifuata kirusi kila kinapokwenda. Siku hizi maabara za nchi nyingi hukusanya virusi kutoka kwa wagonjwa, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari kuchagua chanjo ya nchi za kaskazini ya dunia, na mwezi wa Septemba kuchagua ile ya kusini. Huchagua kwa kukisia mapema, kwa kuwa kutengeneza chanjo huchukua kiasi cha miezi sita, na nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku.

Kuna sababu ya pili ya kurudia kila mwaka: hata kama kirusi hakikubadilika sana, nguvu ya chanjo hii hupungua mwilini baada ya miezi kadhaa.

Baada ya hayo nilichukua karatasi, nikapiga mstari katikati, nikaandika faida upande mmoja na hasara upande wa pili.

Upande wa faida: mwaka ambao wataalamu wamechagua vizuri, chanjo hupunguza hatari ya kuugua kwa kadiri ya asilimia 40 mpaka 60. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kuna watu 100, na homa ingewapata 10 kati yao. Wakichanjwa wote, na chanjo ikawa na nguvu ya asilimia 50, wataugua 5. Tena wengi wa hao watano hawataugua sana kama ambavyo wangeugua bila ya chanjo. Lakini yafaa kusema kweli yote: iko miaka ambayo kirusi huwapiga chenga wataalamu. Katika msimu wa baridi wa mwaka 2014 na 2015 huko Marekani, chanjo ilipunguza maradhi kwa asilimia 19 tu. Na kwa wazee hufanya kazi kwa nguvu ndogo kuliko kwa vijana.

Upande wa hasara: mkono huuma siku moja au mbili, na wengine hupata homa ndogo. Wengi husema kwamba sindano yenyewe huwatia mtu homa ya mafua. Si kweli, kwa sababu virusi vilivyomo katika sindano ya kawaida vimekwisha uawa, na kilichokufa hakizaliani. Ila kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, ambao hulegeza miguu na mikono. Mwaka 1976 Marekani walichanja watu wapatao milioni 45 kwa hofu ya homa ya nguruwe, na ugonjwa huo ukaonekana kuzidi, kadiri ya mtu mmoja katika kila 100,000. Serikali ikasimamisha kazi ile. Kwa chanjo za siku hizi, hatari hiyo, kama ipo, ni ya mtu mmoja au wawili katika milioni moja. Na homa ya mafua yenyewe pia huweza kuleta ugonjwa huo.

Nikatazama karatasi yangu, nikaona mizani imelalia upande wa kuchanjwa. Hapo ndipo nilipokutana na shida iliyo kubwa kuliko zote. Hapa Tanzania chanjo hii haimo katika zile wanazopewa watoto bure. Nililazimika kuinunua hospitali ya mjini. Nami mwezi ule, baada ya kulipa ada za watoto, nalikuwa na fedha ya sindano moja tu.

Mama akasema mara moja, "Chanjwa wewe. Mimi sitoki. Wewe ndiwe unayechukua homa za watoto wa watu ukaniletea."

Maneno yale yalikuwa na akili ndani yake. Mimi ni mzima, kwa hiyo chanjo ingefanya kazi vizuri zaidi mwilini mwangu, na nisipougua simletei. Nikafikiri usiku mbili. Mwisho nikaona hivi: nikiugua mimi, nitalala siku nne, akiugua yeye, huenda asiamke. Tena mimi si mlango pekee wa nyumba yetu. Wajukuu huja Jumamosi, majirani huja kumjulia hali, naye huenda msibani. Nikizuia njia moja, nyingine ziko wazi. Basi nikamwambia, "Mama, wewe kwanza. Mimi nitasubiri mshahara." Alinuna, lakini tulikwenda. Mwisho wa mwezi nikachanjwa mimi, na ile ndiyo plasta mliyoiona.

Juma la tatu baada ya sindano yake, mama akaamka anapiga chafya, pua inamchuruzika. Akaniita. "Mwalimu," akasema (huniita hivyo akitaka kunidhihaki), "chanjo yako iko wapi?" Nikampima, hakuwa na homa wala maumivu ya viungo, na siku ya pili alikuwa akipepeta mchele uani. Nikamweleza kwamba hayo ni mafua ya kawaida, ambayo virusi vyake ni vingine, na sindano ile haivihusu. Akajibu, "Kumbe sindano yenyewe ina ubaguzi."

Sasa, je, nitachanjwa tena mwakani? Nitachanjwa, na mama pia, maadamu tunakaa nyumba moja. Simwambii kila kijana mwenye afya katika shule hii kwamba ni lazima afanye hivyo. Fedha za nyumbani zina kazi nyingi. Lakini wazazi wenye wazee nyumbani, au mja mzito, au mtoto mdogo, au mtu mwenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, nawasihi wamwulize daktari jambo hili kabla ya maradhi kuingia. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kuchanjwa. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mja mzito. Tena katika nchi zilizo karibu na ikweta homa hii huweza kuja wakati wowote wa mwaka. Kwa hiyo ulizeni chanjo iliyo mpya kabisa, na mkumbuke kwamba nguvu yake huanza baada ya kiasi cha majuma mawili. Na mtu aliyewahi kudhurika vibaya kwa chanjo amwambie mganga kwanza.

Nanyi wanafunzi, kuna kinga isiyogharimu senti moja. Fungueni madirisha ya bweni. Kohoeni katika kiwiko, si katika kiganja. Oshani mikono kwa sabuni. Na mkiwa na homa siku ya kufunga shule, msikimbilie kumkumbatia bibi. Msalimuni kwa mbali mpaka mpone; atawafahamu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chanjo ya ndui ilidumu miaka mingi, na ya homa ya mafua hurudiwa kila mwaka?
2. Katika watu 200, homa ingewapata 20. Wote wakichanjwa, na chanjo ikawa na nguvu ya asilimia 40, wataugua wangapi?
3. Ungekuwa na fedha ya sindano moja tu, ungemchanja nani nyumbani kwenu? Toa sababu zako.