Machui 1859: Ndugu walipogombea kiti, mgeni akawa hakimu

SURATUL Hujurat, aya ya 9 na ya 10, inatuamrisha kwamba makundi mawili ya waumini yakipigana tuyasuluhishe kwa uadilifu, kwani waumini ni ndugu. Tujiulize: tusipotekeleza amri hiyo, nani huchukua nafasi yetu? Historia ya Zanzibar inalo jibu.

Sayyid Said bin Sultan alifariki Oktoba 1856, akiwa baharini akirejea kutoka Muscat. Dola yake ikabaki mikononi mwa wanawe wawili: Thuwaini Muscat, Majid Unguja. Mapema mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu kuja kuitwaa Unguja. Waingereza wakamrudisha njiani.

Oktoba mwaka huo huo fitna ikazuka ndani ya Unguja kwenyewe. Barghash, mdogo wake Majid, akiungwa mkono na Maharithi, alikitaka kiti. Majid akaizingira nyumba yake mjini. Dada zao, Khole na Salme, wakamtorosha akiwa amejifunika nguo za kike, akaenda kujichimbia shambani Machui. Salme, binti mdogo aliyejua kuandika, ndiye aliyekuwa karani wa uasi huo. Nyumba moja, baba mmoja, lakini dada yuko huku na kaka yuko kule!

Majid akapeleka jeshi Machui, na askari wa manowari ya Kiingereza wakamsaidia. Damu ikamwagika. Barghash akakimbia usiku, akajisalimisha, akapelekwa Bombay.

Je, nani alishinda? Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, alitoa hukumu: Muscat na Unguja ziwe dola mbili, na Unguja iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Watoto wa Said walikuwa wamekubali kuhukumiwa na mgeni mwenye maslahi yake.

Barghash alikipata kiti mwaka 1870, baada ya Majid kufariki. Lakini Wajerumani walipojitangazia ulinzi juu ya Usagara, nchi ambamo Kilosa yetu imo, na yeye akapinga, manowari zao zilitia nanga mbele ya kasri lake Agosti 1885. Waingereza hawakumtetea. Sisemi kwamba wakoloni wasingekuja kama ndugu wale wangepatana. Nasema waliikuta nyumba imeshagawanyika.

Linganisha na Imam Hasan bin Ali (r.a.). Mwaka 41 Hijria, akiwa na jeshi nyuma yake, alimwachia Muawiya ukhalifa ili damu ya Waislamu isimwagike. Mwaka ule ukaitwa Aamul Jamaa, mwaka wa umoja. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameshabashiri kwamba kupitia kwa mjukuu wake huyo Allah atayapatanisha makundi mawili makubwa ya Waislamu. Hasan aliacha kiti, akabaki na heshima.

Ndugu zangu, sisi hatuna dola ya kugombea, tuna misikiti. Iwe Dar es Salaam au huku Tindiga, ugomvi wa uimamu au wa fedha za kamati huanza kwa maneno, kisha kufuli hubadilishwa, hatimaye polisi huitwa mlangoni. Siku hiyo tumeirudia Machui. Kabla ya kufika huko, watafutwe wazee waadilifu wasio na upande, hesabu ziwekwe wazi, na anayeweza kuachia, aachie. Kuachia kwa ajili ya Allah si kushindwa.

Wabillahi tawfiq.