Tofauti za Magonjwa ya Ulaji

Binti wa kidato cha tatu huenda msalani kila anapomaliza chakula cha jioni. Mama anamsikia akitapika. Anashuku mimba, kisha vidonda vya tumbo, lakini vipimo vyote havionyeshi kitu. Je, nini kinamsumbua?

Huenda binti huyo ana ugonjwa wa ulaji. Haya ni maradhi ya akili yanayodhuru mwili, na huwapata wavulana pia. Matatu ndiyo ya kawaida.

La kwanza ni anoreksia. Mgonjwa hujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Hukonda mno, na bado akijitazama kwenye kioo hujiona mnene. Husikia baridi, na msichana aweza kukosa hedhi. Wengine pia hujitapisha. Kinachowatambulisha ni uzani ulioshuka mno.

La pili ni bulimia. Mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hufunga. Uzani wake mara nyingi ni wa kawaida, ndiyo maana jamaa hawashtuki. Tazama meno yaliyolika na mashavu yaliyovimba. Kutapika hupunguza potasiamu mwilini, na moyo waweza kusimama ghafla.

La tatu ni kula kupindukia. Mgonjwa hula mpaka tumbo limuume, mara nyingi kwa siri, lakini hajitapishi. Hubaki na aibu. Wengi hunenepa na kujiweka katika hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Kushiba sana siku ya Krismasi au Idi si ugonjwa. Daktari huangalia kama hali hii hutokea angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi 3.

Mzazi afanye nini? Usimkemee mtoto wala kumcheka mwili wake. Mwulize faraghani, kwa upole, anajisikiaje baada ya kula. Kisha mpeleke kwa daktari na umweleze yote uliyoyaona, kwani mgonjwa mwenyewe aweza kuficha. Akizimia au moyo ukienda mrama, mkimbize hospitalini. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula kingi kwa ghafla. Hilo pia ni hatari.

Maradhi haya hutibika, hasa kwa ushauri wa kitaalamu na msaada wa jamaa. Kumbuka: mizani peke yake haitakuambia nani mgonjwa.