Kufundisha Kazi za Shanga katika Shule za Msingi

Mwalimu anayepangiwa mazoezi ya kufundisha Arusha mjini, au katika vijiji vya mitelemko ya Mlima Meru, hana haja ya kutafuta zana mbali. Bangili na vidani vya shanga vya Waarusha na Wamaasai vimo majumbani mwa wanafunzi wengi. Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi, 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, lilitaka shule isimtenge mtoto na jamii yake. Somo la shanga linaweza kufanya hivyo, au kinyume chake.

Mara nyingi huandikwa orodha ubaoni: nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni majani. Watoto hunakili, kengele hulia. Maelezo hayo si ya kubuni. Wazee wengi huyatoa. Lakini rangi peke yake haisemi mengi. Aina ya pambo na mpangilio wa rangi zake ndivyo vinavyomweleza mvaaji: umri wake, rika lake, ameolewa au bado. Mtoto ambaye bibi yake alimweleza vingine atanyamaza mbele ya orodha ile, akidhani kuwa bibi hajui kitu.

Kwa hiyo tunapendekeza aalikwe mama mtungaji (naye alipwe, kama fundi mwingine yeyote). Watoto waulize: Pambo hili huvaliwa na nani? Siku gani? Nani haruhusiwi kulivaa? Majibu yaandikwe kama yalivyotolewa, hata yakipingana.

Katika historia, yafaa ielezwe kwamba shanga za kioo zilitoka Ulaya, hasa Venice na Bohemia, zikapandishwa bara na misafara kutoka pwani katika karne ya 19. Kabla ya hapo mapambo yalikuwa ya mbegu, mifupa na chuma. Kioo kilikuwa cha wageni. Mitindo ya kukitunga ilibuniwa na akina mama wa huku.

Darasa la Sita wapewe kidani kipana cha duara. Mstari wa ndani wenye kipenyo cha sentimita 14 una mzingo wa sentimita 44. Wa nje wenye kipenyo cha sentimita 28, mzingo wake ni 88. Wakokotoe, kisha wahesabu shanga za kila mstari. Baadaye wamwulize mama yule hukadiriaje shanga zake bila rula wala kanuni.