Kimya cha Kidato cha Kwanza

Swali: Binti yangu aliongoza darasa la saba hapa Chamwino, tangu aingie kidato cha kwanza hasemi darasani. Je, akili imemtoka?

Jibu: La hasha, mama. Mtoto aliyesomeshwa miaka 7 kwa Kiswahili, na nyumbani akisikia Kigogo, anapokuta ghafula masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, huingiwa na haya na khofu ya kuchekwa, hata akaona kunyamaza ndiyo sitara yake. Na dhiki hiyo humzidi atembeaye masafa marefu bila kifungua kinywa, khasa Januari na Februari, ghala za Ugogo zinapopungua na mtama haujaiva. Msimwite mvivu, nawasihi. Mwombeni mwalimu amruhusu kuuliza kwa Kiswahili, na wazazi mshauriane juu ya uji wa shuleni.