Kusoma Alama za Nibu za Kalamu za Zamani

Nibu ya kalamu ya wino ni kipande cha metali kisichofikia uzito wa gramu moja. Hata hivyo, juu yake mtengenezaji huweza kupiga chapa jina lake, kiwango cha dhahabu, na pengine namba ya aina ya ncha. Mtu anayeuziwa kalamu kuukuu kwa bei ya dhahabu hana budi kuzijua alama hizo kabla hajatoa fedha yake.

Dhahabu tupu ni laini mno kwa kazi ya kuandika, kwa hiyo huchanganywa na shaba na fedha. Usafi wa aloi hiyo hupimwa kwa karati, na dhahabu tupu ni karati 24. Nibu yenye chapa "14K", "14C" au "14ct" ina sehemu 14 za dhahabu katika 24, yaani asilimia 58.3. Nchi nyingi za Ulaya huandika sehemu hizo kwa elfu, nazo hupiga 585; Umoja wa Kisovieti ulipiga 583. Chapa ya 750 ni karati 18, kama mwanafunzi anavyoweza kuhakikisha kwa kugawa 18 kwa 24.

Huko Ufaransa, kichwa kidogo cha tai, alama iliyoanza kutumika mwaka 1838, huthibitisha dhahabu ya karati 18. Kwa muda mrefu sheria ya nchi hiyo haikuruhusu aloi ya chini ya hapo iuzwe kwa jina la dhahabu. Ndiyo sababu watengenezaji wa nje walitoa nibu za karati 18 kwa ajili ya soko hilo. Isidhaniwe kuwa hizo huandika vizuri zaidi. Aloi ya karati 14 kwa kawaida ina mnyumbuko bora, ingawa thamani ya dhahabu yake ni ndogo.

Baadhi ya alama zahitaji kufasiriwa. Namba 4810 katika nibu za Montblanc ni kimo, kwa mita, cha mlima wenye jina hilo. Herufi "CN" katika nibu za Pelikan za wakati wa Vita Kuu ya Pili zaonyesha aloi ya kromiamu na nikeli, kwani dhahabu ilikuwa imezuiwa Ujerumani. Esterbrook ya Marekani ilitumia namba: 2668 ni nibu ya chuma cha pua yenye ncha ya wastani, 9668 ni ya upana huo huo, lakini imetiwa metali ngumu nchani. Neno "Warranted" lina maana ya "imedhaminiwa", lakini mdhamini hatajwi. Nibu za namna hiyo ziliuzwa kwa viwanda vingi visivyojitengenezea zao.

Hata nibu ya dhahabu haigusi karatasi kwa dhahabu. Nchani huwekwa tone la aloi ngumu, zamani ya osmiamu na iridiamu, metali mbili zilizogunduliwa na Smithson Tennant mwaka 1803. Maneno "Iridium Point Germany" hayamtaji mtengenezaji, wala si hakikisho kwamba iridiamu imo.

Je, chapa ikiwa imefutika? Sumaku ikiivuta nibu, hiyo si dhahabu, hata ikiwa imepakwa rangi yake. Isipoivuta, jambo halijathibitika, maana baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi. Densiti ingetoa jibu: aloi ya karati 14 ina takriban gramu 13 kwa sentimita moja ya ujazo, na chuma cha pua karibu 7.8. Lakini nibu ya gramu 0.4 ina ujazo wa sentimita za ujazo 0.03 tu, kiasi ambacho silinda ya kupimia ya shule haiwezi kukionyesha. Asidi ya nitriki isijaribiwe. Huharibu nibu na ni hatari kwa mikono na macho.

Yakumbukwe pia kwamba nibu hubadilishwa. Alama yake hueleza habari za nibu, si lazima za kalamu nzima. Tena sehemu ya maandishi mara nyingi hujificha ndani ya shingo ya kalamu. Wino mkavu ulegezwe kwa maji ya kawaida, kisha nibu itazamwe kwa lenzi ya kukuza, mwanga ukitoka ubavuni. Spiriti isitumike, kwa kuwa huweza kuyeyusha seluloidi iliyotengenezewa miili ya kalamu nyingi za zamani.