Kabla ya kukaza skrubu ya presha ya loda

Loda ya mbele ikianza kugota katikati na mzigo wa samadi, ushauri unaotolewa haraka gereji ni mmoja: kaza skrubu ya presha. Skrubu hiyo ipo kweli, na mara nyingine tatizo liko hapo hapo. Lakini robo mzunguko wa spana kwenye skrubu hiyo unaweza kuipa trekta nguvu ambayo mikono ya loda, ekseli ya mbele na mipira ya oili havikuundwa kuihimili. Ndiyo maana nasisitiza: usiiguse kabla hujapima kwa geji.

Nazungumzia trekta ndogo za nguvu ya farasi 20 hadi 40. Nyingi tunazoziona Afrika Mashariki zilishatumika Japani kabla ya kuletwa, na baadhi hufungiwa loda zikiwa tayari huku.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili inapokutana na kizuizi. Kizuizi kikizidi, valvu ya usalama hufunguka na kuirudisha oili kwenye tangi. Ndani ya valvu hiyo kuna springi, na skrubu ndiyo inayoibana. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Kwa bar 150 husukuma kwa nguvu ya takriban tani 3. Kwa bar 170 hufika tani 3.4. Silinda za kunyanyulia ni mbili, hivyo umeongeza tani 0.8 kwenye vyuma vile vile, pini zile zile, ekseli ile ile.

Anza kwa kutofautisha nguvu na mwendo. Presha ndiyo inayonyanyua. Wingi wa oili inayotoka kwenye pampu ndio unaoleta kasi. Loda inayopanda polepole lakini inafika juu na mzigo wake haina tatizo la presha. Kagua filta, kiwango cha oili na bomba la kuvutia oili. Oili yenye povu imeingiza hewa. Yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Loda inayoshuka yenyewe ukiwa umeachia wenzo ina sili zilizochoka kwenye silinda, au valvu ya wenzo inavujisha kwa ndani. Na loda inayokubali upande mmoja na kukataa upande wa pili, angalia kwanza kapla, yaani kiungio cha kuchomekea mpira wa oili. Kapla isiyoingia hadi mwisho huziba njia ya oili, na watu hufungua pampu nzima kwa kosa linalorekebishwa kwa kusukuma kwa kiganja.

Pima pia mzigo wenyewe. Mchanga uliolowa hufika karibu tani 2 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo baketi ya mita za ujazo 0.2 ikijaa hubeba kilo 400. Kama kitabu cha loda kinasema kilo 300, loda yako ni nzima. Soma pia kipimo hicho kimechukuliwa wapi: uwezo unaotajwa kwenye pini ya baketi huwa mkubwa kuliko ule wa nusu mita mbele ya pini, na mzigo halisi hukaa mbele.

Ukiridhika kwamba hayo yote yako sawa, jiandae kupima. Hapa naomba msomaji asiruke mstari. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Jeraha lake ni kidoa tu, na mwanzoni linaweza lisiume sana, huku ndani mkono unaharibika. Mtu anaweza kupoteza kidole au mkono mzima kwa sababu alisubiri kesho. Kwa hiyo usipapase mpira kwa mkono kutafuta mvujo. Pitisha kipande cha boksi au ubao, ukiwa umevaa miwani ya kazi. Ikitokea mtu amepigwa na oili hiyo, msimkande wala msimfunge kitambaa na kungoja. Mpelekeni hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwa maneno haya: oili ya haidroli imeingia mwilini kwa presha kubwa. Bila kuambiwa, kidoa kile hakitamshtua yeyote.

Geji unayohitaji ni ya haidroli, inayosoma hadi bar 250 au 350. Ya upepo wa matairi itapasuka usoni mwako. Kiwango sahihi kinatoka kwenye kitabu cha ufundi cha trekta yako na cha loda yako. Trekta nyingi za ukubwa huu huwekwa kati ya bar 140 na 190, lakini hilo ni eneo tu, si ruhusa. Angalia vipimo vyenyewe: bar 1 ni psi 14.5, MPa 1 ni bar 10, na vitabu vya zamani vya Kijapani huandika kgf/cm², ambayo ni pungufu kidogo tu ya bar. Ukikuta 170 kwenye kitabu cha namna hiyo na geji yako ni ya psi, unatafuta karibu 2,420.

Egesha mahali tambarare, funga breki ya mkono, weka uzito wa nyuma na uwaondoe watoto na watazamaji. Fanya kazi kama dakika kumi hadi kumi na tano oili ipate joto. Vitabu vingi hutaka nyuzi 40 hadi 60, na oili baridi hudanganya. Laza baketi chini kabisa, zima injini, kisha sukuma wenzo pande zote ili presha iliyobaki kwenye mipira iishe. Futa vumbi kwenye kapla. Chomoa mipira yote miwili ya silinda za baketi, si mmoja, na uchomeke geji kwenye kapla ya upande wa valvu. Ukiacha mmoja umechomekwa na ukakosea upande wa wenzo, oili itaingia nyuma ya pistoni huku ya mbele haina pa kutokea, na ndani ya silinda presha inaweza kupanda kupita ile ya valvu ya usalama.

Washa, anza na resi ndogo, vuta wenzo kuelekea upande wa geji na usome. Sekunde tatu hadi tano zinatosha. Pampu ya lita 25 kwa dakika ikilazimishwa kupita kwenye valvu kwa bar 160 hugeuza karibu kilowati 6.7 kuwa joto, sawa na birika tatu kubwa za umeme zikichemka kwa pamoja ndani ya oili yako. Kisha rudia kwa resi inayotajwa kitabuni.

Geji ikisoma kiwango sahihi, weka spana chini. Tatizo liko kwenye silinda au kwenye uzito wa mzigo. Ikisoma chini kwa resi ndogo na kupanda sana kwa resi kubwa, pampu imechoka, na kukaza skrubu kutaificha kwa muda huku kukiiua. Ikisoma chini na resi haibadilishi kitu, hapo valvu ya usalama ndiyo mshukiwa. Hata hivyo, ifungue na uisafishe kwanza. Chembe moja ya uchafu ikikaa chini ya kizibo chake inatosha kushusha presha.

Kwenye trekta iliyofungiwa loda baadaye kuna jambo linalowachosha mafundi wengi: valvu za usalama huwa mbili, moja ya trekta na moja kwenye valvu ya loda. Yenye presha ndogo ndiyo inayotawala. Kama ya loda imewekwa bar 140 na ya trekta bar 170, unaweza kuikaza ya trekta hadi jioni na loda isibadilike, ila siku utakayoibadilisha valvu ya loda, presha yote uliyoificha itatoka kwa pamoja.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi fupi. Zima injini, toa presha tena kwa wenzo. Weka alama ya rangi kwenye skrubu na upime uzi uliojitokeza, ili uweze kurudi ulipoanzia. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu moja ya nane tu, kaza nati, washa, pima. Kwa kawaida kulia hupandisha. Hakuna haraka. Ukizungusha mara mbili na geji haisogei, rudisha alama ilipokuwa na utafute sababu. Skrubu ikikazwa hadi mwisho, springi hubanana yote na valvu haifunguki tena, hapo kinachofunguka ni mpira au mwili wa pampu. Valvu nyingine hazina skrubu. Zina vishimu, vipande vyembamba vya chuma chini ya springi. Ongeza kimoja kwa wakati, na ubadilishe oringi ya kifuniko.

Usipite kiwango cha kitabu hata kwa bar 5, na usipite kifaa dhaifu kuliko vyote. Soma maandishi kwenye mipira: wa nusu inchi wenye waya safu moja wa aina ya 1SN ni wa bar 160 za kazi, wa safu mbili wa 2SN ni wa bar 275. Ukikuta mmoja umebadilishwa kwa wa bei nafuu, huo ndio unaoamua.

Rudisha mipira, kagua kapla, kisha nyanyua mzigo unaoujua uzito wake, kidogo tu kutoka ardhini, mkanda ukiwa umefungwa. Tazama tairi za nyuma. Zikianza kuwa nyepesi, shusha mara moja na uongeze uzito nyuma au upunguze mzigo. Pitisha boksi kwenye viungio vyote kabla ya kurudi kazini. Mwisho andika kwenye kitabu cha trekta tarehe, resi, joto la oili na presha uliyoikuta na uliyoiacha, maana fundi atakayefuata atahitaji namba hizo kabla ya kushika spana.