Kuchagua Gia Moja ya Nyuma

Wasomaji wenzangu, hapa Bujumbura twaziona baiskeli nyingi za gia zilizokwisha kutumika. Waya wa kubadilishia gia umekatika, na meno ya nyuma yamelika. Aghalabu mwenye baiskeli hushauriwa aondoe gia zote, abakize moja tu. Shauri hilo ni jema, maana vitu vya kuharibika hupungua. Lakini abakize ipi? Wengi huchukua ile iliyo karibu na mkono. Nimejifunza kazi hii wakati wa likizo kwa mjomba wangu, fundi wa Buyenzi, nami napenda kuwaelezeni mambo manne yafaayo kuangaliwa kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, idadi ya meno. Hesabu meno ya mbele, uyagawe kwa meno ya nyuma. Tuseme mbele ni 44. Ukiweka 22 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali utazungusha gurudumu mara 2. Tairi la inchi 26 husogea yapata meta 2.05 kwa kila mzunguko. Basi utakwenda meta 4.1. Ukiweka 18 utakwenda meta 5. Maana yake ni hii: safari ya kilometa 10 yataka mizunguko 2,000 hivi kwa meno 18, na 2,440 hivi kwa meno 22. Lakini mwenye meno 22 hukanyaga kwa nguvu iliyopungua karibu moja ya tano. Hakuna cha bure: ukipunguza nguvu, waongeza mizunguko.

Kwa hiyo iulize njia yako. Barabara ya Gatumba ni tambarare. Meno 18 yatosha. Barabara ya Bugarama hupanda zaidi ya meta 1,300 kutoka ziwani, na hapo hata meno 22 hayatoshi kwa mwenye mzigo: atashuka asukume. Anayekaa chini ya milima na kubeba watu au magunia, heri achague meno mengi kidogo, ayaokoe magoti yake.

Pili, jinsi gia inavyoshika habu. Habu nyingine zina mifereji, na gia huchomekwa. Hapo utahitaji pete za kujaza nafasi ya gia zilizotolewa. Nyingine zina nyuzi, na frewili hukazwa kama kifuniko cha chupa. Frewili nyingi zina nyuzi 24 katika inchi moja, kwa kipimo cha Kiingereza. Lakini baiskeli za zamani za Kifaransa zina kipimo chao, na tofauti ni ndogo mno kwa macho. Anza kukaza kwa vidole. Ikigoma, usilete spana, kwani utaharibu habu nzima. Wala usikubali frewili ichomelewe ili isizunguke bure. Ukikanyaga kwa nyuma ili kupunguza mwendo, yaweza kujifungua. Gia isiyozunguka bure sharti iwe na habu yake, yenye pete ya kufungia inayokazwa kinyume.

Tatu, mnyororo. Simama nyuma ya baiskeli utazame: meno ya mbele na ya nyuma yawe katika mstari mmoja. Yakipishana, mnyororo utalia, utakula meno, na mwisho utaruka. Angalia unene pia: mnyororo mwembamba wa gia nyingi hauingii katika meno manene ya frewili moja. Kisha pima viungo 24. Mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mwingine, kwa sababu mnyororo mzee huharibu gia mpya. Ikiwa nafasi za ekseli zatazama chini, gurudumu halivutiki nyuma. Basi acha kile kikono cha gia cha zamani kiubane mnyororo.

Nne, breki. Frewili haisimamishi baiskeli hata kidogo. Mmewaona wale wanaoteremka kutoka Bugarama na mikungu ya ndizi na makaa. Breki zikikatika, maisha yao yote yamo katika viatu vyao. Fedha zikiwa chache, nunua kwanza raba mpya za breki, za mbele na za nyuma, ndipo ufikiri habari ya gia.

Zoezi: Baiskeli ya tairi la inchi 26 ina meno 48 mbele na 16 nyuma. Yasogea meta ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali? Je, ni ya Gatumba, au ni ya mlimani?